Lajos Für na funguo za ghala la silaha

Wizara ya ulinzi ya Hungaria aliyokabidhiwa Lajos Für mwezi Mei 1990 haikuwa na jeshi. Ilikuwa na majengo, makarani, mihuri na fungu lake la bajeti, lakini amri ya kuwatoa askari kambini haikupita mezani kwa waziri. Desemba 1989 serikali ya Miklós Németh, ya mwisho kabla ya uchaguzi huru nchini Hungaria, ilikuwa imeipasua wizara hiyo vipande viwili: kimoja kikabaki na siasa, sheria na makaratasi, na kingine kikawa kamandi ya jeshi, iliyowajibika kwa rais wa jamhuri badala ya waziri. Hesabu iliyokuwa nyuma ya mpango huo haikuwa ngumu kuisoma. Wanamageuzi wa chama tawala cha kikomunisti walitaraji kwamba rais angekuwa mtu wao, Imre Pozsgay, na kwamba hata wakishindwa bungeni, jeshi lingebaki katika mikono waliyoizoea.

Hesabu ilivurugika. Kura ya maoni ya Novemba 26, 1989 iliamua kwamba rais asichaguliwe kabla ya bunge jipya, na bunge hilo lilipopatikana likamchagua Árpád Göncz, mwandishi na mfungwa wa zamani wa kisiasa, kutoka chama cha Wademokrasia Huru kilichokaa upande wa upinzani. Serikali ikashikwa na Jukwaa la Kidemokrasia la Hungaria, MDF, chini ya József Antall. Kwa hiyo waziri wa ulinzi alikuwa wa chama kimoja, kamandi ya jeshi iliwajibika kwa rais aliyetoka chama kingine, na maofisa waliozipokea amri hizo walikuwa wamelelewa na chama cha tatu, kile kilichokuwa kimeondolewa madarakani miezi michache tu nyuma. Kuna kichekesho kidogo hapa: mtu ambaye MDF ilikuwa imempendekeza kugombea urais katika msimu wa vuli wa 1989, kabla kura ile ya maoni haijaufuta mchezo mzima, alikuwa ni Lajos Für huyu huyu. Ofisi ambayo sasa alilazimika kunyang'anyana nayo mamlaka ndiyo aliyokaribia kuigombea mwenyewe.

Für hakuwa mwanajeshi. Alizaliwa Desemba 21, 1930 katika kijiji cha Egyházasrádóc, magharibi mwa nchi, akasomea historia Debrecen, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikwenda katika historia ya kilimo na ya watu wa vijijini, akiwa miongoni mwa watafiti wa Jumba la Makumbusho la Kilimo. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 25, alijiunga huko Debrecen na mapinduzi dhidi ya utawala wa kikomunisti, yaliyozimwa na vifaru vya Kisovieti, akakamatwa, kisha akakimbilia Ufaransa kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Baada ya hapo aliishi kama walivyoishi wengi wa kizazi chake, akiwa na kazi lakini bila kupewa nafasi ya juu. Septemba 1987 alikuwa Lakitelek, kwenye mkutano uliofanyika chini ya hema katika uwanja wa nyumba ya mwandishi mmoja, ambako MDF ilianzia. Serikali mpya ilipohitaji raia wa kusimama juu ya majenerali, ikamchukua huyu mtu wa kumbukumbu za mashamba na rejesta za vijiji.

Wapo wanaoyasoma maisha yake ya kisiasa kama hadithi ya mzalendo aliyeyaona majeshi ya kigeni yakiondoka. Mimi nayasoma kama jibu refu la swali moja, yaani nani ana haki ya kushika funguo za ghala la silaha. Für alilijibu swali hilo vizuri mara moja, akiwa waziri. Miaka 13 baada ya kuiacha ofisi alilijibu tena, na safari hiyo jibu lake lilipingana na la kwanza.

Mtihani wa mapema ulikuja Oktoba 1990. Serikali ilitangaza kupandisha bei ya petroli kwa takriban asilimia 65, na usiku ule ule madereva wa teksi wakayafunga madaraja ya Budapest. Kesho yake barabara kuu za nchi nzima zilikuwa zimezibwa. Antall alikuwa amelazwa hospitali, na waliokaimu walizungumzia kuzifungua njia kwa nguvu. Göncz, ambaye katiba ilimwita amiri jeshi mkuu, alisimama kinyume na kulitumia jeshi. Mgogoro ukaisha kwa mazungumzo yaliyorushwa moja kwa moja na televisheni, na hakuna aliyepigwa risasi. Lakini uamuzi huo mwema ulikuwa umefikiwa bila mtu yeyote kuwa na hakika ni nani hasa alikuwa na mamlaka ya kuufikia. Siku ambayo amiri jeshi mkuu na waziri wangetaka mambo mawili tofauti kuhusu kifaru kimoja, kifaru hicho kingekwenda wapi?

Swali hilo lilipelekwa katika Mahakama ya Katiba, na Für alikuwa miongoni mwa walioomba tafsiri. Hukumu ilitolewa Septemba 26, 1991. Mahakama ilisema kwamba uamiri jeshi mkuu wa rais ni madaraka ya kikatiba na haumfanyi kuwa kamanda wa kutoa amri za kijeshi. Kwamba wanaoruhusiwa kuliongoza jeshi ni bunge, rais, baraza la ulinzi, serikali na waziri husika peke yao, kila mmoja ndani ya mipaka aliyowekewa. Kwa msomaji wa leo lugha hiyo ni kavu kama tangazo la zabuni. Kwa nchi ambayo kwa miaka 40 jeshi lake lilikuwa mali ya chama, na mipango yake ya vita ikichorwa Moscow, ilikuwa mara ya kwanza kwa majaji kuitaja mikono iliyoruhusiwa kugusa silaha na kuifunga orodha pale pale.

Ni kweli kwamba ugomvi huo ulikuwa pia wa vyama. Antall na Für hawakupenda kumwona rais wa upinzani akiwa na jeshi, na wakosoaji wao walisema serikali inakusanya kila kitu kwapani. Sidhani kama jambo hilo linaipunguzia hukumu thamani. Mashauri mengi ya katiba hufunguliwa na watu wenye maslahi yao, na kinachodumu ni kanuni inayobaki baada ya walalamikaji kuondoka ofisini. Für alishinda kwenye karatasi mapema kuliko alivyoshinda makambini, kwa sababu maofisa walikuwa wale wale, kamandi iliendelea kuishi kama dola ndogo yenye milango yake, na wizara na makao makuu ya jeshi vilichukua miaka mingi mpaka viunganishwe. Hata hivyo Desemba 1993 bunge lilipitisha sheria mpya ya ulinzi iliyosimama juu ya msingi ule, na mfumo uliofuata haukurudi nyuma.

Jina la jeshi lenyewe linastahili sentensi mbili. Tangu Machi 15, 1990 Jeshi la Umma lilirudishiwa jina la Honvédség, neno lililotokana na wapiganaji wa 1848, ambalo ukilifungua ndani yake unakuta nchi ya nyumbani na kulinda. Mwanahistoria aliyeketi kwenye kiti cha waziri bila shaka alilielewa neno hilo kuliko majenerali wengi waliolivaa mabegani.

Sasa niende kwenye jambo ambalo Wahungari wenyewe humkumbuka nalo zaidi. Mwaka 1990 kulikuwa na karibu wanajeshi 50,000 wa Kisovieti nchini humo, na ukijumlisha familia zao na wafanyakazi wa kiraia walifika watu wapatao 100,000. Haki inatutaka tuseme kwamba mkataba wa kuwaondoa haukutiwa saini na Für wala na serikali yake. Ulisainiwa Moscow Machi 10, 1990 na Gyula Horn, waziri wa mambo ya nje wa serikali iliyokuwa inaondoka, na treni za kwanza zilitoka Hajmáskér siku mbili baadaye. Für alirithi ratiba yenye tarehe ya mwisho, Juni 30, 1991. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ratiba hiyo haiteleziki, na kazi ya namna hii haina picha nzuri za kupiga: ni kuhesabu mabehewa, ni kugombania thamani ya mabweni na viwanja vya ndege, ni kuwauliza wageni nani atalipia mafuta yaliyokwisha kuingia ardhini.

Wasovieti walitaka walipwe majengo waliyoyajenga. Wahungari wakajibu kwa kudai fidia ya udongo na maji yaliyochafuliwa. Mabishano hayo yalidumu hata baada ya askari wa mwisho kuondoka, na yalimalizwa Novemba 1992 rais wa Urusi, Boris Yeltsin, alipofika Budapest, kwa makubaliano kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Kwa hesabu ya fedha Hungaria ilipoteza. Kwa hesabu ya siasa sioni kama ilikuwa na njia bora zaidi, kwa kuwa deni lisilolipika kati ya mkubwa na mdogo mara nyingi humfunga mdogo.

Ili kuielewa vizuri kazi hiyo ya makaratasi, inafaa kumkumbuka mtu aliyeishika wizara ile ile mwaka 1956. Novemba 3 mwaka huo Pál Maléter, waziri wa ulinzi katika serikali ya mapinduzi ya Imre Nagy, alikuwa akijadiliana na majenerali wa Kisovieti kuhusu kuondoka kwa majeshi yao. Kikao cha mchana kilifanyika katika jengo la bunge. Usiku walihamia kwenye kambi ya Wasovieti ya Tököl, kusini mwa Budapest, na mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, mkuu wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, Ivan Serov, akaingia na watu wake wenye silaha, akauweka ujumbe wote wa Hungaria chini ya ulinzi. Alfajiri vifaru vikaingia mjini. Maléter alinyongwa Juni 16, 1958 pamoja na Nagy, akazikwa mahali pasipo jina, na hakupata maziko ya heshima mpaka Juni 16, 1989. Katika maziko hayo kijana wa miaka 26 aitwaye Viktor Orbán alisimama mbele ya umati akadai majeshi ya Kisovieti yaanze kuondoka.

Kwa hiyo waziri wa 1990 aliyekaa mezani na majenerali wa Kisovieti alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho aliyekikalia kabla yake katika shughuli kama hiyo alitolewa akiwa chini ya ulinzi. Hakuna aliyejua kwa hakika kwamba safari hii mambo yatakwenda kwa amani. Februari 25, 1991 mawaziri wa mambo ya nje na wa ulinzi wa nchi za Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow, walikutana Budapest wakauvunja upande wake wa kijeshi. Mkataba wenyewe ulizikwa Prague Julai 1. Na Juni 19, saa tisa na dakika moja alasiri, Luteni Jenerali Viktor Silov alivuka mpaka kwenye mji mdogo wa Záhony, akiwa askari wa mwisho wa Kisovieti kutoka katika ardhi ya Hungaria, siku 11 kabla ya tarehe ya mwisho. Ile dakika moja naipenda. Inaonekana kuna mtu aliyekuwa akiitazama saa kwa makini sana.

Miezi miwili kamili baadaye, Agosti 19, vifaru vilikuwa katika mitaa ya Moscow, na waziri wa ulinzi wa Kisovieti, Dmitry Yazov, alikuwa mmoja wa waliojaribu kumpindua rais wake, Gorbachev. Kama treni zingekuwa zimecheleweshwa kwa kisingizio chochote, Für angekuwa na wageni wenye silaha uani siku ambayo mwenyeji wao mwenyewe hakujulikana ni nani. Watu wanaodharau ratiba na waitazame tarehe hiyo.

Tatizo lililofuata lilitoka kusini. Yugoslavia ilikuwa inapasuka, na Hungaria ilikuwa imejitia ndani ya mpasuko huo mapema kuliko ilivyopaswa, maana Oktoba 1990 shirika la serikali la biashara ya nje liliiuzia Kroatia maelfu ya bunduki za Kalashnikov zilizotoka katika akiba ya nchi. Habari ilipofichuka Januari 1991, serikali ilijikanganya kwa maelezo, na Belgrade ikapata ushahidi iliokuwa ikiutafuta. Hilo ni doa kwa serikali nzima ya Antall, wizara ya Für ikiwemo. Usiku wa Oktoba 27, 1991 ndege ya Yugoslavia iliudondoshea mabomu mji wa mpakani wa Barcs. Hakuna aliyekufa, lakini tukio hilo liliwaonyesha Wahungari kwamba ulinzi wao wa anga, uliopangwa kwa ajili ya vita vya kambi mbili kubwa, haukuwa na jibu kwa ndege moja iliyopotea njia au kujifanya imepotea.

Jibu lilipatikana kwa njia mbili zinazochekesha zikiwekwa pamoja. Kwanza, kuanzia Oktoba 1992 Hungaria iliruhusu ndege za rada za NATO kuruka katika anga yake kuichunguza Yugoslavia, hatua kubwa ya kuelekea muungano ambao ilijiunga nao rasmi Machi 12, 1999. Pili, mwaka 1993 ilipokea kutoka Urusi ndege 28 za kivita aina ya MiG-29, zilizohesabiwa kuwa malipo ya dola milioni 800 za deni ambalo Moscow ilikuwa inadaiwa. Kwa hiyo waziri aliyeusindikiza mlango ukifungwa nyuma ya Jeshi Jekundu ndiye aliyepokea, kwenye uwanja wa Kecskemét, zana za kisasa kuliko zote zilizopata kutua humo kutoka mashariki. Sina lawama naye kwa hilo. Hazina ilikuwa tupu, Magharibi haikuwa tayari kuuza, na deni la Urusi lisingelipwa kwa njia nyingine yenye maana. Vijana walioandikishwa jeshini kwa lazima nao walipunguziwa muda wa utumishi kutoka miezi 18 hadi 12, kwa kuwa nchi haikuwa tena na sababu wala fedha ya kuwaweka kambini muda wote huo.

Kulikuwa na upande mwingine wa Für uliowatia wasiwasi majirani, nao ulitokana na utaalamu wake wa historia. Mkataba wa Trianon wa 1920 uliiondolea Hungaria theluthi mbili ya eneo lake, na mamilioni ya wasemaji wa Kihungari wakabaki Romania, Slovakia, Serbia na kwingineko. Antall alisema mwaka 1990 kwamba kwa moyo na hisia alitaka kuwa waziri mkuu wa Wahungari milioni 15, wakati nchi yenyewe ilikuwa na milioni 10 na kidogo. Für aliiamini kauli hiyo kwa dhati. Mwanahistoria akiyaongelea majaliwa ya ndugu walio ng'ambo ya mpaka anasikilizwa kama mwanahistoria. Waziri wa ulinzi akiyasema maneno yale yale, Bucharest na Bratislava husikia kitu kingine. Hakuhamisha askari hata mmoja kwa ajili ya wazo hilo, na hilo lisisahaulike. Lakini mbegu ya yaliyofuata ilikuwa hapo, katika imani kwamba taifa ni kitu kikubwa kuliko dola na kwamba likiona hatari linaweza kuwa na walinzi wake lenyewe.

Antall alifariki Desemba 12, 1993. Für akachukua uongozi wa chama, chama kikaanguka uchaguzi wa Mei 1994 kutoka viti 164 hadi 38, na wizara ya ulinzi ikaenda kwa György Keleti, kanali wa zamani kutoka chama kilichotokana na wakomunisti, ambaye aliwahi kuwa msemaji wa wizara hiyo hiyo. Utaratibu ule wa kiraia ulifanya kazi hata kwa mpinzani, na hapo ndipo unaweza kupima kama ulikuwa wa kweli. Für aliondoka katika uenyekiti wa MDF mwaka 1996, na kwa miaka kadhaa jina lake lilisikika zaidi katika kumbi za wanahistoria.

Kisha ikaja Agosti 25, 2007. Katika uwanja wa kasri la Buda, watu 56, idadi iliyochaguliwa kwa heshima ya mwaka 1956, waliapishwa kuwa wanachama wa kwanza wa Magyar Gárda, yaani Walinzi wa Hungaria, kikundi kilichoanzishwa na Gábor Vona, mwenyekiti wa Jobbik, chama cha mrengo mkali wa kulia. Walivaa suruali na vizibao vyeusi, shati jeupe, kofia nyeusi, na shingoni skafu yenye mistari myekundu na myeupe ya ukoo wa Árpád, wafalme wa kwanza wa Hungaria. Kwenye makaratasi ya usajili ilikuwa jumuiya ya utamaduni na kuhifadhi mila. Kwa macho ya yeyote aliyekuwa uwanjani kilikuwa kikosi. Na miongoni mwa watu mashuhuri waliokiunga mkono na kushiriki sherehe ile alikuwa waziri wa kwanza wa ulinzi wa Hungaria huru.

Watetezi wake wanasema Gárda haikuwa na silaha. Ni kweli, na ndiyo maana hoja hiyo ni dhaifu. Sare, kiapo, safu na gwaride ni nusu ya jeshi. Nusu iliyobaki hununuliwa dukani. Mgambo wa kwetu, pamoja na kasoro zake zote, ana sheria iliyomzaa na ofisa wa serikali anayeweza kumwita na kumwajibisha. Kikosi cha Buda kilikuwa na mwenyekiti wa chama. Tukichukua ile orodha ya Septemba 1991, ya bunge, rais, baraza la ulinzi, serikali na waziri, hakuna mstari hata mmoja ambao Vona angeweza kujiandika, na aliyeiomba mahakama itoe orodha hiyo alikuwa pale akishangilia.

Haikuchukua muda kujua gwaride lile lilimlenga nani. Desemba 2007 Gárda iliandamana katika kijiji cha Tatárszentgyörgy, mahali wanapoishi Waroma (jamii ya wachache ya Ulaya, si watu wa mji wa Roma), kwa madai ya kupambana na uhalifu. Mahakama iliagiza jumuiya hiyo ivunjwe Desemba 2008, na rufaa ikakataliwa Julai 2, 2009. Majaji waliona kwamba maandamano ya watu wenye sare wakipita mbele ya nyumba za jamii iliyotajwa kwa rangi na asili yake ni vitisho, hata kama hakuna jiwe lililorushwa. Vona alilipeleka shauri Strasbourg, na Julai 9, 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakubali kwamba Hungaria ilikuwa na haki ya kukivunja kikundi hicho.

Siamini kwamba Für wa 2007 alikuwa amebadilika tabia. Naona kwamba mwaka 1991 alikuwa akilitetea taifa lake dhidi ya jeshi la kigeni na dhidi ya maofisa wa chama kilichopita, na katika vita hivyo sheria ilikuwa upande wake, akaitumia kwa ustadi. Miaka 16 baadaye aliiona dola yenyewe, iliyokuwa mikononi mwa wasoshalisti waliochaguliwa kihalali, kama mgeni mwingine. Kwa mtu aliyeamini hivyo, utawala wa kiraia juu ya silaha ulikuwa chombo cha kumtoa adui, na adui alipoonekana kuwa ndani ya nyumba, chombo kikawekwa kando.

Lajos Für alifariki Budapest Oktoba 22, 2013, miezi mitatu baada ya hukumu ya Strasbourg. Kesho yake bendera zilipandishwa kote nchini, kama kila mwaka, kwa kumbukumbu ya mapinduzi ya 1956.